Tunaosha Bati

Mzee hakusema anatafuta fundi wa paa. Kwenye simu alisema anataka "mtu wa kuja kuangalia kitu". Nilipofika kwake Tabata Segerea, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniingiza sebuleni, akafunga mlango, akafunga na madirisha, ndipo akaninong'oneza kwamba paa linavuja na jirani asijue. Miaka yote ameutangazia mtaa kwamba nyumba yake imepauliwa bati la geji 28, na kwa maelezo yake mtu wa geji 28 havujiwi.

Kwenye bati namba ikipanda unene unapungua. Geji 28 ni nene, 30 nyembamba kidogo, na 32 ukikosea kukanyaga unaacha alama ya kiatu mpaka siku ya kuezua. La Mzee lilikuwa 30. Nilinyamaza, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeitiwa maji.

Doa lilikuwa chumba cha wageni, karibu na holda ya taa, rangi ya chai ya rangi, duara ndani ya duara. Kila duara ni mvua kubwa iliyoingia ikakauka. Mzee alikuwa ameshalipaka emulshani mara kadhaa na kila mara linarudi, jambo ambalo alilichukulia kuwa hujuma. Emulshani ni rangi ya maji, kwa hiyo inaliyeyusha doa na kulivuta juu. Linazuiwa kwanza kwa koti moja la rangi ya mafuta, likauke kabisa, emulshani ifuate. Na hata hivyo unapaka baada ya kuziba tundu, si kabla.

Juu ya bati, sawasawa na doa lilipo, nilikuta historia nzima ya mafundi waliopita. Wa kwanza alipaka lami. Wa pili akaweka silikoni juu ya lami, nayo haishiki hapo, ilikuwa inabanduka kwa kidole. Wa tatu akaweka saruji, ikapasuka, maana bati linatanuka na kusinyaa kila siku na saruji haijui kucheza. Wa nne aliona hali ngumu, akafunika vyote kwa kipande cha gunia. Wote wanne waliziba mahali ambapo hapakuwa na tundu hata moja.

Maji yakipenya bati hayadondoki pale pale. Yanashika papi, ubao uliolala chini ya bati, yanaitembea mpaka yakutane na kenchi, mbao za mteremko zinazobeba papi, yanateremka na mteremko wa kenchi, na yakifika kwenye kiungo au kichwa cha msumari ndipo yanaachia. Doa linaweza kuwa mita 2 au 3 kutoka kwenye tundu, na karibu siku zote tundu liko juu zaidi kwenye mteremko, halipo chini. Kabla ya kupaka chochote unapanda darini mchana, unazima tochi, unaacha macho yazoee giza, unatafuta mwanga. Tundu linaloonyesha nyota hupatikana hivyo. Lisiloonyesha linahitaji mpira wa maji.

Kazi ya mpira ina utaratibu wake. Mtu mmoja juu anamwaga, mwingine darini anaangalia. Unaanza chini kabisa, unapanda kipande kwa kipande, kila kipande dakika 5 mpaka 10. Ukianzia juu maji yanateremka yanapita kila tundu, na hutajua lipi limekuingizia. Maji yaporomoke yenyewe. Usiyarushe kwenda juu chini ya maungio, utatengeneza uvujaji ambao mvua haijawahi kuufikiria. Na meini swichi izimwe kwanza, hasa doa likiwa karibu na taa.

Meini swichi niliizima. Tatizo likawa mawasiliano. Kwa kawaida wa darini anapiga kelele "yameingia!" na wa juu anasimama. Mzee alikataa katakata. Kelele jirani atasikia. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu, na kwa maoni yake ajali zote duniani zinaletwa na watu wanaopiga kelele badala ya kutumia ishara. Akatoa maagizo: wa darini atagonga kenchi kwa nyundo. Mara mbili, maji yameonekana. Mara tatu, pakavu, songa juu. Yeye mwenyewe atakaa uani na daftari na leso mbili, nyekundu na ya kijani, apokee ishara na kunipungia.

Wa darini akawa shemeji Bakari, mdogo wake Mama Asha, mke wa Mzee. Alichaguliwa kwa sababu ni mwembamba na kwa sababu, alivyosema Mzee, anakula bure. Nilimpa tochi, nyundo na ubao wa kulalia juu ya kenchi mbili. Nikamwonya kwamba mguu, mkono, hata kiwiko kisiguse silingibodi, haibebi mtu. Mzee akaongeza la kwake: "Shemeji, litakalotokea litokee, sitaki kusikia sauti yako." Shemeji akaitikia kwa kichwa. Utiifu wake nitaurudia.

Nikapanda. Februari, saa tano asubuhi, bati linachoma. Kwenye migongo mipana unakanyaga penye mstari wa skrubu tu, kwa sababu chini yake kuna papi. Katikati ya papi na papi bati linabonyea na skrubu zinalegea. Nikaanza kumwaga ukingoni, juu ya fishabodi, ule ubao wa mwisho wa paa.

Ko, ko.

Leso nyekundu ikapanda. Mzee akaandika.

Nikashangaa kidogo, maana pale nilipomwagia ni nje ya ukuta. Chini yake hakuna dari wala chumba, kuna kamba ya kuanikia nguo. Nikamwonyesha Mzee kwa kidole. Akanijibu kwa kidole pia, akigonga daftari: ishara imesema. Nikachora chaki, nikapanda hatua moja.

Ko, ko, ko. Leso ya kijani.

Hatua nyingine. Ko, ko. Nyekundu. Chaki. Kisha ikaja ko, ko, halafu ko, ko, ko, halafu mbili tena kabla sijasogeza mpira. Mzee anapunga nyekundu na kijani kwa zamu, jasho linamtoka, anaandika kwa kasi. Katikati ya hayo bati lenyewe likaanza kupiga "tak". Bati la mita 6 lililochomwa na jua likimwagiwa maji ghafla hujivuta milimita 2 au zaidi, na linapojivuta kwenye skrubu linalia. Mzee akaziandika na hizo. Kwa hesabu ya daftari lile, paa lilikuwa linavuja kila mahali isipokuwa pale palipokuwa na gunia.

Nyuma ya ukuta wa uani kuna fundi seremala anayetengeneza vitanda. Seremala akishika msumari, anaugonga mara mbili taratibu usimame, kisha mara tatu kwa nguvu uzame. Anaweka msumari mwingine. Sikumwona kutoka nilipokuwa, mwembe ulikuwa umenikinga. Mzee alikuwa anamwona vizuri kabisa, ila akili yake yote ilikuwa kwenye leso.

Nikafika karibu na kofia, bati linalofunika kilele cha paa, pale kwenye dishi la zamani ambalo halijashika chaneli tangu watu wahamie kwenye visimbuzi. Aliyelifunga alitoboa bonde la bati, si mgongo, akapitisha bolti nne bila washa ya mpira. Bonde ndiyo njia ya maji yote ya juu. Kutu ilikuwa imeshakula kuzunguka kila bolti, na kunguru walikuwa wamerundika mifupa na vijiti nyuma ya kishikizo cha dishi, maji yakifika hapo yanasimama kidogo kama abiria wa mwendokasi. Macho yangu yakaniambia ni hapa. Nikaelekeza mpira.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Seremala akaweka nyundo chini, akaenda kuswali.

Kimya. Dakika moja, mbili, tano. Hakuna ko hata moja. Mzee akasimama, akapunga leso ya kijani kwa mkono wote, akitabasamu. Pakavu! Nikaacha mpira umwage, nikamwonyesha kwa mikono kwamba subiri. Akapunga tena kwa hasira.

Ndipo Mama Asha akatoa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Baba Asha! Njooni! Bakari ananyesha!"

Nilishuka ngazi, tukaingia chumbani. Maji yalikuwa yanatoka kwenye holda ya taa mstari mmoja mnene, na yakipita kwenye upenyo wa silingibodi yanakuja na vumbi la dari na majani. Nikapanda mlango wa dari. Shemeji alikuwa amelala juu ya ubao, amelowa kuanzia kichwani mpaka kiunoni, tochi bado mkononi, imeelekezwa sawasawa kwenye papi iliyo chini ya dishi. Maji yalikuwa yanamwangukia shingoni, yanapita mgongoni, yanaendelea na safari yake kwenye kenchi.

"Shemeji," Mzee aliita kutoka chini, "mbona hukugonga?"

"Nyundo ilinitoka mwanzo kabisa, Mzee. Ile pale, juu ya silingibodi. Fundi alisema nisiguse."

"Basi si ungeita!"

"Ulisema hutaki kusikia sauti yangu."

Mzee akafungua daftari, akasoma kurasa mbili za ishara, akalifunga.

Ukarabati wenyewe haukuwa na mambo mengi. Dishi likashuka, bolti zikakatwa, kutu ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pakafutwa kwa tina, pakapakwa rangi ya kuzuia kutu. Kiraka nilikikata kwenye bati la migongo ile ile ili kilale bila nafasi, chenye upana wa kufika mgongoni pande zote mbili na urefu wa kushuka sentimita 15 chini ya tundu la mwisho. Ukingo wake wa juu nikauingiza chini ya kofia. Hiyo ndiyo siri ya kiraka: maji yanayoteremka yasikutane na ukingo wowote unaotazama juu. Pembeni nikapitisha mistari miwili ya silikoni, ile isiyonuka siki, kwa sababu inayonuka siki ina asidi na inakula zinki ya bati. Ribiti kila sentimita 7, mgongoni tu. Skrubu zilizolegea jirani na hapo, za milimita 5.5, zikatolewa zikawekwa za 6.3, maana tundu lililokwisha kutanuka halishiki skrubu ya saizi ile ile. Unakaza mpaka mpira wa washa utokeze kidogo ukingoni, basi. Ukiuponda, jua linaumaliza mapema. Mifupa ya kunguru nikaijaza nusu kiroba, lami na saruji na gunia vikabanduliwa, na skrubu za hapo zikakazwa upya. Mpira ukamwagwa tena dakika kumi. Safari hii shemeji aliruhusiwa kupiga kelele, akazipiga zote alizokuwa amezibana.

Wakati nakunja ngazi, jirani Mama Rehema alikuwa amesimama getini na kanga mabegani. Sauti ya Mama Asha ilikuwa imemfikia, bila shaka.

"Jamani Baba Asha, kuna nini tangu asubuhi? Naona leso tu."

Mzee akajiweka sawa. "Tunaosha bati, mama. Vumbi limezidi."

Mama Rehema akalitazama paa, akalitazama dishi lililolala uani, akamtazama shemeji anayejikausha juani. Akanigeukia mimi, akashusha sauti.

"Fundi, kesho njoo unioshee na la kwangu. Hasa upande wa jikoni, karibu na bomba la moshi. Na uje kimya kimya, baba."