Karatasi haitoshi kupimia mwanya wa gia

Muulize mtu yeyote mwenye gari la rimoti namna ya kupanga mwanya kati ya pinioni, yaani gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota, na gia kubwa inayozungushwa nayo, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali. Chukua kipande cha karatasi, kichomeke kati ya gia mbili, isukume mota, kaza skrubu, kisha zungusha gia mpaka karatasi itoke upande wa pili. Ikitoka imekunjamana zigizaga bila kuchanika, mambo safi, funga kifuniko uende ukacheze. Ni mbinu nzuri na mimi mwenyewe huitumia. Ninachokipinga ni kuishia hapo, hasa kwenye gari lenye mota isiyo na brashi, yaani vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Tuanze na karatasi yenyewe. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1, na unene huo haubadiliki kwa sababu umebadilisha gari. Meno ya gia ndiyo yanayobadilika. Gia za 64P (P na moduli ni vipimo vya ukubwa wa meno, nitavieleza hivi punde), zinazopendwa kwenye magari mepesi ya mashindano ya barabarani, zina meno yenye kimo cha milimita 0.9 hivi. Gia za moduli 1, ambazo utazikuta kwenye magari mazito ya kipimo cha 1/8, meno yake yanapita milimita 2. Sasa karatasi ileile ambayo kwenye gia ya kwanza ni karibu sehemu ya tisa ya jino, kwenye ya pili haifiki hata sehemu ya ishirini. Mwenye 64P anaweza kujikuta na mwanya uliozidi, na mwenye moduli 1 akajikuta gia zimebana, na wote wawili wakaapa kwamba wamefuata maelekezo.

Na kabla ya mwanya kuna suala la gia kuwa za aina moja. Namba ya P ni idadi ya meno kwa kila inchi ya kipenyo cha gia, na moduli ni kipenyo kwa milimita ukigawanya kwa idadi ya meno. Gia ya 32P ni sawa na moduli 0.79, kwa hiyo watu huichanganya na ya 0.8 na gari likaenda bila malalamiko. Lakini 48P ni moduli 0.53, na ukiifunga na gia ya moduli 0.6 kwa sababu kwa macho zinafanana, hakuna karatasi itakayozipatanisha. Hesabu hiyohiyo inakueleza kwa nini kila ukibadilisha pinioni ni lazima upange upya: kila jino moja linalozidi linaisogeza mota nusu ya moduli. Kwenye 48P hiyo ni kama milimita 0.26, na kwenye moduli 1 ni milimita 0.5 kamili. Kuna magari ambayo hayakupi nafasi ya kupanga chochote, matundu ya skrubu yametobolewa tayari kwa idadi maalumu za meno, Tamiya TT-02 ikiwa mfano mmoja. Wenye hayo chagueni tundu sahihi, makala haya hayawahusu sana.

Ninavyoona mimi, tatizo kubwa ni kwamba watu wanaogopa gia kulegea kuliko wanavyoogopa gia kubana. Naelewa kwa nini. Gia iliyolegea hutangaza. Inapiga kelele ya kusagika, meno yanakatika, gari linasimama katikati ya uwanja na mota inavuma peke yake mbele ya watu. Gia iliyobana haina makelele hayo. Inafanya kazi vizuri kabisa kwa siku kadhaa, huku kila jino likiingia kwa kusukumwa na kuzitenganisha shafti mbili. Mzigo huo unabebwa na beringi ya mbele ya mota na zile zinazoshika shafti ya gia kubwa. Mota inavuta umeme mwingi zaidi kufanya kazi ileile, inachemka, betri inaisha mapema. Siku beringi ikianza kulia, mwenye gari analaumu mota. Au betri imechoka. Au pinioni ilikuwa na meno mengi mno. Mwanya hautajwi kabisa, kwani si karatasi ilitoka vizuri?

Enzi za mota za brashi kosa hilo lilisameheka kwa urahisi zaidi. Hizi za sasa zina kasi nyingine. Mota ya KV 3300, yaani mizunguko 3,300 kwa dakika kwa kila volti, ikipewa betri ya lithiamu ya LiPo ya seli 2 iliyojaa, yaani volti 8.4, bila mzigo huzunguka karibu mara 27,720 kwa dakika. Hiyo ni mara 462 kwa sekunde. Ikiwa pinioni ina meno 15, basi kila sekunde meno 6,930 yanapokezana na yale ya gia kubwa. Barabarani mzigo huipunguza kasi hiyo, ila picha unaipata. Tena nguvu yenyewe haiji taratibu, inakuja yote gari likiwa bado limesimama. Na ukishika breki, breki hiyo inapitia kwenye gia hizohizo kwa upande wa pili wa jino. Kila unapotoka kwenye mafuta, yaani kuongeza kasi, kwenda kwenye breki, jino linavuka mwanya wote na kugonga ng'ambo. Mwanya ukiwa mkubwa, linagonga kwa kishindo. Kwa hiyo sisemi tulegeze tu na kuachia, nasema tupime vizuri.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo karatasi inaponikera zaidi. Tunapanga mwanya gari likiwa baridi mezani, kisha tunalitumia likiwa la moto. Gia kubwa nyingi ni za nailoni au plastiki ya jamii hiyo, na nailoni hupanuka kwa joto mara tatu hadi nne kuliko aluminiamu inayoshika mota. Chukua gia ya 48P yenye meno 87. Kipenyo chake ni milimita 46, nusu yake 23. Joto likipanda nyuzi 40, nusu kipenyo hiyo huongezeka kwa takribani milimita 0.08. Aluminiamu nayo inajitanua kidogo na kuisogeza mota mbali, lakini hairudishi hata nusu ya hicho kilicholiwa. Linganisha na unene wa karatasi tuliyoanza nayo. Zaidi ya nusu ya mwanya uliousimamia kwa uangalifu wote ule inaweza kutoweka kwa joto peke yake, bila wewe kugusa skrubu hata moja. Nailoni pia hunywa unyevu na kuvimba, hivyo mwenye kupitisha gari kwenye madimbwi ana sababu ya ziada ya kuacha nafasi.

Kwa hiyo kinachoamua kwangu ni vidole. Karatasi huitumia kuiweka mota mahali pa kuanzia, kisha naitoa na kuanza kupima. Chomoa betri kwanza, maana mota hizi hazina huruma na vidole. Shika gia kubwa kwa kidole gumba na cha shahada, uisukesuke mbele na nyuma taratibu. Mota isiyo na brashi ina sumaku kwenye rota, sehemu inayozunguka, na sumaku hizo hunasa kwenye chuma cha stata, sehemu iliyotulia, hata kama hakuna umeme. Ukizungusha shafti kwa mkono unahisi inaruka kituo hadi kituo. Wanaotoka kwenye mota za brashi wakigusa hivyo hudhani gia zimebana, wakalegeza mpaka zikapitiliza. Kumbe mnaso huo ni msaada. Unaishikilia pinioni itulie, na wewe unasukasuka gia kubwa ndani ya kituo kimoja. Unachotafuta ni kijongeo kidogo tu: jino linaachana na jirani yake na kugusa la upande wa pili, tik, tik, kabla sumaku hazijaanza kuvuta. Usiposikia kitu na pinioni ikafuata papo hapo, zimebana. Ukiweza kuona nafasi kwa macho bila kuinama, zimelegea.

Usipime mahali pamoja. Gia ya plastiki hutoka kwenye kalibu, na si rahisi itoke duara kamili. Tundu la katikati nalo huwa limekwenda pembeni kidogo. Zungusha robo mzunguko, sukasuka tena, zungusha tena. Utakuta sehemu moja tik inasikika wazi na nyingine imefifia. Ile iliyofifia iwekee alama ya kalamu, na mwanya upange hapo. Huu ndio ushauri ambao ningewapa watu wote wanaosema gia zao zina mlio unaopanda na kushuka kama wimbi. Wamepanga mahali palipolegea, na kila gia ikizunguka mara moja inapita mahali panapobana.

Kukaza nako kuna ujanja wake. Skrubu ya mota ukiikaza moja kwa moja hadi mwisho inaivuta mota pembeni kwa kiasi unachoweza kukisikia vidoleni. Kaza moja kidogo, hamia ya pili, rudi ya kwanza, kisha pima upya hata kama ulikuwa umeridhika. Ile skrubu ndogo isiyo na kichwa inayoshika pinioni lazima ikae juu ya sehemu bapa ya shafti, na iwe na gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu isilegee, ya aina ya kufunguka kwa mkono. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma; ikigusa plastiki inaweza kuipasua.

Watu wengi husahau kabisa kuangalia kama gia mbili zimelala sambamba. Mwanya unaweza kuwa sahihi upande wa nje wa jino na usiwepo upande wa ndani, kwa sababu tu chembe ya mchanga imebaki chini ya kishikizo na mota imeinama nywele moja. Yapake meno machache rangi ya makapeni, endesha gari polepole kwa dakika moja, kisha angalia. Rangi ikiwa imefutika upana wote wa jino, mota imekaa sawa. Ikiwa imefutika kwenye ncha moja tu, fungua, safisha, rudia. Karatasi haiwezi kukuonyesha hilo, itakunjamana vizuri tu.

Kuhusu sauti, wapo wanaotaka gari lao liwe kimya. Gia zenye meno yaliyonyooka haziwi kimya, na anayetafuta kimya huishia kubana au kupaka grisi. Grisi kwenye gia zilizo wazi hukusanya mchanga, na mchanga uliochanganyika na grisi unasaga meno kwa bidii kuliko kosa lolote la mwanya. Zizoee sauti mbili tu: uluzi mwembamba usiokatika unaopanda pamoja na kasi maana yake umebana, na mgongano wa kokoto kila unapoachia na kushika mafuta maana yake umelegea. Mvumo wa kati ya hapo ni wa kawaida.

Gia ikishakufa, usiitupe kabla ya kuisoma. Meno yakiwa yamelika kwenye ncha kote kuzunguka, mwanya ulikuwa mkubwa tangu mwanzo. Meno manne matano yakiwa yamenyolewa mahali pamoja na mengine mazima, gia kubwa ilisimama huku pinioni ikiendelea kuzunguka. Huenda jiwe liliingia, au skrubu za mota zililegea katikati ya mchezo. Hapo ndipo wengi hukimbilia gia kubwa ya chuma, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Gia ya plastiki ni sehemu ya bei ndogo inayokubali kufa ili sanduku la gia na shafti zibaki. Ukiweka chuma, jiwe linalofuata litatafuta kitu kingine cha kuvunja, na mara nyingi hukipata mbali zaidi na kigumu zaidi kukifikia. Kwenye magari makubwa ya seli 6 sina ubishi, plastiki haistahimili. Kwa mengine, nabaki na plastiki. Ila usifunge gia mpya na pinioni kuukuu. Ikague chini ya mwanga: jino likiwa limechongoka upande mmoja, litachonga na la mwenzake, na hutalaumu mwanya tena.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hufanyika betri ya kwanza ikiisha. Chomoa, fungua kifuniko mara hiyohiyo kabla mota haijapoa, na usukesuke gia kubwa pale kwenye alama ya kalamu. Kama tik bado ipo, hata kwa mbali, kaza skrubu za kifuniko na uendelee. Kama imepotea, legeza skrubu za mota, isogeze nyuma kiasi cha kuirudisha, na hapo huna haja ya kutafuta karatasi.