Siku Mheshimiwa alivyobweka nikiwa nimenasa bandani

Yaani mimi sijawahi kuwa mtu wa mbwa, kwetu mbwa akipita nje tunafunga mlango. Sasa kuna dada tulisoma wote sekondari, siku hizi ni dokta wa mifugo, jioni moja kanipigia na ile sauti ya mtu anayetaka kukukopa, "kaka'angu, si una nafasi huko uani kwako Tabata? Nina mgonjwa nataka akae hapo wiki mbili tu." Mi nikajua mbuzi. Nikasema poa, mlete.

Kaleta mbwa. Wenyewe walihama wakamwacha kwenye pagale na mnyororo wake, majirani wakawa wanamrushia makombo mpaka mmoja akaona huu sio ubinadamu akamtafuta dokta. Mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, shingoni manyoya hamna imebaki alama ya mnyororo tu, na kupe sasa, ndani ya masikio wamejipanga kama punje za mtama. Dokta alishamchoma chanjo ya kichaa, kampa dawa ya minyoo na ya kupe, ikabaki mimi kupewa masharti utadhani nimeenda kwa mganga. Nisimjaze chakula kwa mpigo hata akinililia, tumbo lililozoea njaa ukilishindilia linamgeuka, nimpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, ugali wa dona na dagaa wa kuchemsha, chumvi hapana, kitunguu marufuku maana kitunguu kwa mbwa ni sumu. Nisimtazame machoni. Nisimwinamie. Nikae nimempa ubavu, kimya, aje mwenyewe akitaka.

"Na ukiona anatetemeka, piga miayo."

"Nipige nini?"

"Miayo, taratibu. Mbwa wenyewe ndo wanavyotulizana."

Nikaandika kwenye simu: MIAYO.

Mama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, nilivyomweleza alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "mwanangu, kumhurumia mnyama ni thawabu, ila asinisogelee ndoo yangu ya udhu, na kuku wangu asiwaguse." Nikaapa kwa mikono yote miwili.

Bana, huyo mbwa kafika tu kaingia chini ya tangi la maji na hakutoka. Chakula apelekewe, maji apelekewe, hasemi kitu, haonekani na wananchi. Nikamwita Mheshimiwa. Alichokuwa anaogopa kuliko vyote ni fagio la chelewa, Mama akianza tu kwaru kwaru asubuhi, Mheshimiwa anajikojolea pale pale. Mtu kampiga sana na fagio huyu, hilo halikuhitaji dokta.

Basi ikawa ndo maisha yangu, kila usiku nikitoka kazini naweka kigoda karibu na tangi, nimegeukia ukutani, sahani ya dagaa pembeni, napiga miayo. Watoto wa jirani wakawa wanakuja kuangalia. Mpangaji mwenzangu siku moja akanivuta pembeni kwa upole kabisa akaniuliza, "kaka, usingizi unapata kweli?"

Siku ya 23 usiku ikashuka mvua ya masika ile ya Dar isiyo na adabu, radi moja likapiga mpaka taa zikakata. Natoka na tochi ya simu, chini ya tangi hamna mtu. Natafuta wee, kumbe Mheshimiwa kapenya kwenye banda la kuku wa Mama, kajibana kona ya mwisho, na jogoo anamdonoa kichwani yeye katulia tu kama anadaiwa. Nikaona kama kuku watapiga kelele msala ni wangu, nikazima tochi nikaingiza kichwa, mabega yakapita, tumbo likapita kwa shida, kufika kiunoni nikakwama. Mbele sisogei, nyuma kuna msumari umeshika bukta. Kuku ndo wakaamka sasa.

"MWIZI! MWIZI WA KUKU!"

Nasikia milango inafunguka, kandambili zinakimbia kwenye tope, na kabla sijajieleza fagio la chelewa likatua kwenye makalio, pwaa, likatua tena. Halafu kimya, halafu sauti ya Mama: "Subirini. Hii bukta naijua, naiona kambani kila wiki."

Kijana mmoja nyuma akasema, "bukta ya Yanga hiyo Mama, we endelea tu." Sijui ni nani mpaka leo ila ni Simba huyo.

Sijui Mama alilitingisha tena lile fagio au vipi, ila Mheshimiwa aliliona kupitia wavu. Akasimama. Anatetemeka mpaka mbao za banda zinalia, akapita juu ya mgongo wangu, akabweka. Mara moja. Kisauti chembamba kimepasuka kama cha kijana anayebalehe. Siku 23 sijawahi kumsikia hata akikohoa.

Nikasahau nilipo. "AMEBWEKA! Jamani amebweka!" Niko tumbo chini kwenye mavi ya kuku nalia kwa furaha, nje watu wameshika mapanga wanatazamana.

Mjumbe akazunguka upande wa wavu akatumulika usoni. Mwanga ule ukamrudisha Mheshimiwa kwenye kutetemeka, nikaona kazi yote inapotea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, tulia, hakuna wa kukupiga hapa."

Mjumbe akajibu, "mimi nimetulia, wewe ndo utoke humo."

Nifanyeje, nikapiga mwayo. Mrefu, taratibu kama nilivyofundishwa. Mjumbe akanitazama, naona taya linamvuta anajizuia, likamshinda, akapiga na yeye. Akafuata mwenye panga. Mama akafunika mdomo na kanga. Saa nane usiku, watu kama 12 wamezunguka banda la kuku wanapokezana miayo, na Mheshimiwa kuona hivyo akapiga wa kwake akalala juu ya shingo yangu.

Walinitoa kwa kung'oa ubao, bukta ikabaki. Hasara mayai matatu, Mama akasema atayaongeza kwenye kodi. Lakini Mjumbe ni mtu wa daftari, hakubali mtu aondoke bila kuandika, akakaa kwenye kigoda changu na mimi nimejifunga kanga ya kuazima. Chanzo cha tukio, kaandika "radi". Mashahidi, kawaandika wote. Akauliza, na huyu mbwa jina lake?

"Mheshimiwa."

Akanitazama muda mrefu sana. Akainama akaandika "mbwa mmoja", akapiga mwayo, akanisogezea daftari. "Saini hapa."