Ukienda Saadani ukarudi siku hiyo hiyo, hujaenda

Niseme mapema, mi sikubaliani kabisa na hizi safari za hifadhi ya Saadani kule pwani, za "twende Saadani Jumapili, jioni tumerudi". Kila mwaka kuna watu wawili watatu naowafahamu wanaamka saa tisa usiku, wanajibana sita kwenye gari, wanafika getini saa nne jua limeshakuwa kali, wanazunguka mpaka saa nane, wanaona ngiri na twiga wanne, wanapiga picha ufukweni halafu wanarudi mjini kutangaza kwamba Saadani hamna kitu bora Mikumi. Na mi kabla ya huu mwezi wa sita nilikuwa mmoja wao, nimeshawahi kwenda hivyo hivyo na nimeshawahi kusema hivyo hivyo, kwa hiyo usidhani nakusema wewe peke yako.

Safari hii nilienda na jamaa yangu mmoja Mnyamwezi wa Tabora, tumejuana tangu chuo, mi Mzaramo, kwa hiyo utani tulishauanza kabla hata ya kuwasha gari. Yeye alikuwa na jambo moja tu kichwani, simba amesimama kwenye mchanga na bahari nyuma yake. Aliiona picha sehemu akaamini ndivyo kila siku inavyokuwa, kwamba simba wa Saadani wanashuka ufukweni asubuhi kama wavuvi. Nikamwambia simba wapo lakini hawana ratiba na wewe. Hakusikia.

Tulitoka Dar Ijumaa asubuhi na Escudo yangu ya zamani, tenti moja, jiko la gesi la mtungi mdogo, deli la barafu, maji lita 40, mkaa nusu gunia, jeki mbili maana ya kwake nilikuwa siiamini. Tukapita Bagamoyo, tukashika lami ya kwenda Msata, pale ukikunja kulia unaingia barabara kubwa ya Chalinze kwenda Segera, unavuka Wami. Wanaoikumbuka ile daraja ya zamani ya Wami, nyembamba, magari yanasubiriana, mlima huku mlima huku na lori limefeli breki nyuma yako, wanajua kwa nini nilishusha pumzi kupita kwenye mpya. Trafiki wa tochi nao walikuwepo, ukiona kibao cha 50 we nenda 45 ukae kwa amani. Mbele kidogo unafika Mandera, hapo ndo unaachana na lami, unaingia kulia kuelekea Miono, Mkange, mpaka hifadhini, kama kilomita 60 za vumbi au za tope, inategemea Mungu ameamka vipi wiki hiyo.

Yetu ilikuwa tope. Masika ilishapita lakini ule udongo mweusi wa mfinyanzi hauna habari na kalenda, juu unaonekana mkavu umepasuka pasuka kabisa, ukikanyaga tairi linazama kama uji. Tulinasa baada ya Mkange. Masaa mawili na nusu. Tukaweka jeki ya kwanza, ikazama yenyewe. Tukaweka ubao chini tukapiga jeki ya pili, tukajaza matawi na mawe, vijana wawili wa bodaboda wakasimama wakasaidia kusukuma, gari likachomoka na furaha ikawa kubwa mno kiasi kwamba Mnyamwezi wangu akarukia siti akasema twende twende tusizime, na jeki yangu, ile nzuri, ikabaki kwenye tope. Tulikuja kugundua tumeshafika getini.

Pale kwenye tope alilalamika sana kuhusu barabara, nikamkumbusha kwamba babu zake walikuwa wanakuja huku huku kwa mguu kutoka Tabora, pembe ya ndovu begani, miezi, na wewe una AC unalia. Na huo si utani mtupu. Watu wanaijua Bagamoyo tu lakini Saadani nayo ilikuwa bandari ya misafara, ikishindana na Bagamoyo na Pangani kupata biashara ya bara, na ilikuwa na mkubwa wake Bwana Heri ambaye alikuwa kichwa ngumu haswa. Wajerumani walipokuja na mambo yao pwani nzima ikawaka, Saadani ikapigwa mizinga kutoka baharini mwaka 1889, na Bwana Heri alienda porini akaendelea kupigana mpaka 1890 ndo akakubali yaishe. Leo ukifika kijijini unaona mabaki ya boma la Wajerumani, nyavu zimeanikwa, watoto wanacheza, basi. Mtu wa siku moja hata hapo hapiti, anakimbilia simba.

Sasa turudi kwenye hoja yangu ya pesa maana najua ndo mnayosubiria. Watu wanasema kulala hifadhini ni ghali, mambo ya wazungu. Hapana. Kiingilio cha anayelala ndani kinahesabiwa kwa masaa 24, siyo kwa tarehe. Ukiingia saa kumi jioni, umelipia mpaka kesho yake saa kumi. Kwa hiyo huyu anayeingia saa nne asubuhi na kutoka saa nane mchana ameilipia siku nzima na ametumia masaa manne, tena yale manne mabovu kuliko yote, jua la utosi, wanyama wote wamelala vichakani wanakucheka. Wewe ukilipia siku hiyo hiyo moja ukaongeza ya kupiga tenti, unapata jioni na alfajiri, vitu viwili ambavyo ndo hifadhi yenyewe. Gharama kubwa ya Saadani ni mafuta na gari, na hayo utayatumia ulale usilale! Kitu cha kujiandaa ni malipo, pale getini hawapokei noti, wanakupa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka kama mgambo, sisi tulisimama juu ya bampa ya gari dakika 20 tukiinua simu kama tunaomba dua.

Kambi ya umma iko ufukweni kabisa. Hamna uzio. Nirudie, hamna uzio, bahari hapa, pori hapa, wewe katikati na kitambaa chako cha tenti. Choo kipo, bafu lipo, na tumbili wapo, hao ndo wanyama hatari kuliko wote nilioonana nao, mmoja alichukua mkate mzima wa slesi kwenye meza nikiwa nimesimama hapo hapo na kisu mkononi nakata nyanya, akaenda kukaa juu ya mti akala slesi moja moja anatuangalia.

Bahari ya Saadani nayo watu wanaisema vibaya. Siyo ile ya buluu ya Nungwi kule Zanzibar, ni ya kahawia, maana mto Wami unamwaga tope lake jirani tu, na maji yakikupwa yanaenda mbali kweli, unaona uwanja wa matope mpaka unajiuliza bahari imehamia wapi. Lakini hayo matope ndo yanayoleta kambamiti. Jioni tulishuka kijijini tukanunua kambamiti kwa wavuvi, wametoka majini muda huo huo, tukaja kuwachoma kwa ndimu na pilipili tu, na hapo Mnyamwezi akanyamaza kuhusu simba kwa mara ya kwanza tangu tutoke Dar. Kusini ya kijiji kuna mashamba ya chumvi, mabwawa meupe, na flamingo wanasimama humo. Yaani hifadhi ina kijiji, ina wavuvi, ina chumvi, na ukiwaza "mbuga" ya kwenye televisheni hivi vitu unaviona kama vimekosea njia. Kwangu hivyo ndo utamu wake.

Usiku. Hapa ndo namtania mpaka leo. Kama saa sita hivi kitu kikaanza kulia juu ya mti, kama mtoto mchanga kabisa, kinalia kinanyamaza kinalia. Jamaa akanishika mkono, mzima ana miaka 36, akasema kaka, huku kuna mtu kaacha mtoto. Ni komba. Yule yule tunayesema fulani amelewa kama komba, mtu wa bara hajawahi kumsikia. Baadaye fisi akalia kwa mbali, huyo alimjua, akapata nafuu kidogo maana angalau fisi ni wa nyumbani kwao.

Tuliamka saa kumi na moja na nusu. Maji yamekupwa, mwanga bado wa kijivu, na ufukweni kuna kuro watatu, wametulia, na nyani wanashuka kuokota okota vitu mchangani. Gari letu peke yake. Saa 12 tukaanza kuzunguka, tukakuta tembo, familia, na watoto wawili wadogo, wanavuka barabara bila haraka, tukazima injini tukakaa. Kongoni, tohe, nyati kwa mbali, twiga mpaka tukaacha kuhesabu. Saa tatu na nusu jua likawa kali, kila kitu kikapotea, pori likawa kimya. Na saa nne, nakuapia, tukapishana na gari la vijana wa Dar wanaingia, muziki juu, wakatuuliza vipi wakubwa, kuna kitu huko? Niliwaangalia nikakosa la kujibu.

Mchana tukachukua boti kwenye Wami, hiyo usiikose, viboko, mamba wamelala na mdomo wazi, mbega kwenye miti, na kivuli juu. Ilikuwa sehemu pekee ambayo mbung'o walituacha.

Eeh, mbung'o. Sijawasema. Yeye anawaita ndorobo, kwao wanawajua vizuri, na pamoja na kuwajua vizuri alikuja amevaa jinzi ya bluu na tisheti nyeusi, rangi mbili ambazo mbung'o anazipenda kuliko damu yenyewe, mpaka mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Alichomwa shingoni, mgongoni, kwenye kifundo cha mguu, kupitia jinzi. Alilaani sana. Lakini mi nina nadharia yangu hapa, na ndo kitu nilichorudi nacho, kwamba ile hifadhi tumepewa na mbung'o. Wamisionari wa London Missionary Society walikuja na wazo zuri sana la kuacha wapagazi na kutumia ng'ombe. Roger Price akaenda na maksai wachache kutoka Saadani mpaka Mpwapwa mwaka 1876, akarudi anasema inawezekana. Mwaka uliofuata wakaja kamili na mikokoteni, ng'ombe wakafa kwa mbung'o, mpango ukafa nao. Ukirukia miaka ya 1950, upande wa kaskazini kule Mkwaja ikaanzishwa ranchi kubwa ya ng'ombe, maelfu, madawa, kufyeka mapori, wakapambana na mbung'o karibu nusu karne, mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Sehemu ya lile eneo ndo imeingizwa kwenye hifadhi ilipotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2005, pamoja na msitu wa Zaraninge. Kilomita za mraba kama 1,100 kwa jumla, hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi, na kila aliyejaribu kuifanya kitu kingine alishindwa na inzi. Nilimpa hii hotuba nzima barabarani wakati anajikuna. Hakupendezwa.

Kuna hii barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia huku mpaka Pangani na Tanga, inajengwa. Sitaki kujifanya mzalendo wa tope, watu wa Mkwaja na Mkange wanaumwa, wanajifungua, wana mazao na samaki, lami ni haki yao na sisi wa tenti tukae kimya. Ila najua kitakachotokea, ile ya "Jumapili tunarudi jioni" itakuwa rahisi mara tatu, na watakaorudi kusema hamna kitu watakuwa wengi mara tatu. Ningekuwa na neno kwa wenye hifadhi ningesema wauze usiku kwa Watanzania, waweke tenti za kukodi pale pale getini kwa bei ya kueleweka maana wengi wetu hatuna tenti na hatutanunua kwa ajili ya siku mbili, magodoro, taa, basi. Anayetaka hoteli aende hotelini.

Jumapili asubuhi askari wa hifadhi akapita kambini kusalimia, akasema usiku simba alipita, akatupeleka hatua kama 80 tu kutoka kwenye tenti akatuonesha nyayo mchangani, zinashuka mpaka karibu na maji halafu zinarudi porini. Maji yalikuwa yanajaa, za mbele zilishaanza kufutika. Mnyamwezi alipiga picha nyayo zile kama hamsini, ameweka mguu wake pembeni, ameweka soda pembeni, ameweka mpaka leseni yake ya udereva. Anazionesha kila mtu kazini, na wanaomuuliza simba mwenyewe yuko wapi anawaambia nyie hamuelewi.

Anataka turudi mwezi wa nane, safari hii masiku matatu, upande wa Madete kunakotagia kasa. Nimemwambia sawa, ila kwanza anilipe jeki yangu.