"Akikua itaondoka": mboni nyeupe na ubongo usiosubiri

Kwenye benchi la kliniki ya watoto kule Mbagala, si ajabu kumsikia bibi akimtuliza mama aliyeona weupe kwenye mboni ya mwanawe: "Usihangaike mwanangu, akikua itaondoka." Bibi anasema kwa huruma. Ubongo wa mtoto hauna subira hiyo.

Watafiti wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwashona paka wachanga kope za jicho moja kwa miezi michache. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, ila seli za sehemu ya ubongo inayopokea picha ziliitikia karibu jicho lile jingine tu. Paka wakubwa hawakudhurika hivyo. Linalonishangaza mimi ni hili: walipofunga macho yote mawili, seli nyingi bado ziliitikia, ingawa kwa vurugu. Kumbe macho hugombania nafasi, kama abiria wa daladala Kariakoo saa 11 jioni. Aliyechelewa hapati siti hata kama nauli anayo. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifanya mboni ionekane nyeupe, ukiwa mzito upande mmoja, madaktari hupenda apasuliwe mapema sana, karibu na wiki ya 6.

Si kwamba mwanga hufanya kila kitu. Mwaka 1991 Markus Meister, Rachel Wong, Denis Baylor na Carla Shatz walionyesha kuwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mnyama mchanga hupitisha mawimbi ya umeme hata kabla hajaanza kuona. Njia za kwanza huchorwa gizani.

Upande wa pili wa hoja umetoka India. Katika mradi wa Prakash wa mtafiti wa ubongo Pawan Sinha, watoto waliozaliwa hawaoni walipasuliwa wakiwa na miaka 8 na zaidi, wakapata kuona. Mwanzoni kitu walichokijua kwa kukishika hawakukitambua kwa kukitazama. Baada ya siku chache wakaanza kuweza. Kwa hiyo mlango haufungwi kwa kishindo.

Nakubali, lakini habari hiyo ikifika Mbagala nusunusu, itampa bibi ushindi. Watoto wale walibaki na uoni hafifu. Mzazi wa mtoto wa miaka 10 anastahili kuambiwa habari za India, ampeleke hospitali ya CCBRT pale Msasani bila kukata tamaa. Mwenye kichanga cha mwezi mmoja hazimhusu kabisa.

Tena upasuaji ni nusu tu ya kazi. Inafuata miwani, na kiraka kwenye jicho zima, saa kadhaa kwa siku, pengine kwa miaka, ili lile dhaifu lipate siti. Mtoto atakibandua. Mama yuko kazini. Wa kukirudisha ni bibi yule yule, na hatakirudisha kama hakuna aliyekaa naye akamweleza kwa nini jicho zima linafunikwa.