Pafyumu ya Tumbaku: Amua Kwanza Kama Unataka ya Chunya au ya Songea

Kila Juni inapoingia na baridi ya Mbeya kuanza kuuma, kuna kijana ataniuliza: kaka, nitajie pafyumu ya tumbaku inayokaa, isiyoniumiza mfukoni. Nami humrudishia swali. Unataka tumbaku ya mvuke au ya moshi? Wengi hushangaa. Wanadhani tumbaku ina harufu moja tu, tena ile ya sigara iliyozimwa.

Mimi niliijua tumbaku kabla sijaijua pafyumu. Mjomba wangu analima upande wa Lupa, wilayani Chunya, na likizo za Pasaka tulipelekwa huko kusaidia kufunga majani kwenye fito. Ile ni tumbaku ya mvuke, na moshi hauigusi. Moto unawashwa nje ya bani, yaani banda la kukaushia majani, joto linapita ndani kwa mabomba, na majani yanakaa humo karibu wiki nzima. Kwanza yanaachwa yageuke njano kwa joto dogo. Kisha joto linapandishwa ili jani likauke, halafu linapandishwa tena hadi nyuzi 70 hivi, mshipa wa katikati nao ukauke. Katika zile siku za kugeuka njano, wanga ulio kwenye jani unakuwa sukari. Ndiyo maana bani likifunguliwa hakutoki moshi. Inatoka harufu ya nyasi kavu, ya asali, ya matunda yaliyoanikwa juani, na nyuma yake kitu kama mkate wa moto. Nilikuwa nasimama pale mlangoni mjomba akaniita mara tatu nisisikie.

Tumbaku ya moshi ni habari nyingine. Hiyo ni ya Songea na Namtumbo. Kuni zinawaka ndani ya bani lenyewe, chini ya majani, na moshi unalishika jani mpaka linakuwa kahawia iliyokolea. Ukilinusa unapata ngozi, mkaa, na ukali ule wa ugoro wa wazee. Ni harufu nzito ya kiume, na kuna wanaoipenda kuliko kitu chochote.

Pafyumu za tumbaku nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Kuna tamu, zenye vanila, asali na viungo. Hizo mimi naziita za Chunya. Kuna kavu, zenye ngozi, udi na moshi; hizo za Songea. Ukiingia dukani Mwanjelwa hapa Mbeya au Miyomboni kule Iringa bila kuamua, muuzaji atakuamulia, na ataamua kwa kuangalia kilichojaa kwenye shelfu lake.

Sasa suala la bei. Iliyozitangaza sana harufu hizi duniani katika miaka ya karibuni ni Tobacco Vanille ya Tom Ford, iliyotoka 2007. Ni ya upande wa Chunya kabisa: jani, vanila, kakao, matunda makavu. Chupa ya mililita 50 inazidi dola 200 huko inakouzwa. Simshauri mtu yeyote mwenye mshahara wa kawaida ainunue, na simshauri pia akae akiamini kwamba bila hiyo hatanukia vizuri. Sehemu kubwa ya harufu ya jani kavu katika pafyumu inatokana na kitu kinachoitwa kumarini. Kinapatikana kwenye mbegu za mti wa tonka wa Amerika Kusini, lakini tangu 1868 mkemia wa Uingereza William Henry Perkin alipofanikiwa kukitengeneza maabara, si lazima tena kusubiri mbegu. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Ufaransa ilikitia kwenye pafyumu yake, na hadi leo hakijaondoka kwenye manukato ya wanaume. Si kitu cha bei mbaya. Anayekuambia kwamba harufu ya tumbaku lazima iwe ghali anakuuzia jina.

Na majina yenyewe yanapotosha. Kuna Tabac ya Kijerumani, ya 1959, ile ya chupa nyeupe. Tabac maana yake tumbaku, lakini ukijipulizia unanukia sabuni safi na poda ya kinyozi. Ni nzuri, baba zetu wengi wangeipenda, ila aliyefuata jani atarudi mikono mitupu. Vivyo hivyo Khamrah ya Lattafa, ambayo siku hizi kila muuzaji anaitoa ukimtajia tumbaku. Khamrah ni tende, mdalasini na vanila. Kwa baridi ya Uyole inafaa sana, naikubali kwa moyo wote, lakini pua yangu haijawahi kukutana na bani mle ndani. Amber Oud Tobacco Edition ya Al Haramain, nyumba iliyoanzia Makka mwaka 1970, inakaribia zaidi: tamu, ina viungo, jani unalisikia. Nilipoulizia chupa nzima ilivuka kikomo changu cha shilingi 80,000, nikachukua ya kupima.

Hapo kwenye kupima nitakaa kidogo, kwa sababu naona vijana wanaidharau bure. Mililita 10 za kupima zinakupa wiki mbili za kuishi na harufu. Unaivaa ukienda kazini, unaivaa siku ya mvua, unaivaa kanisani ukaona mama aliyekaa pembeni yako anafanya nini. Ukiichoka, umepoteza hela ndogo. Ukiipenda, unajua unachokiwekea akiba. Mwambie tu muuzaji akupulizie kwanza mkononi kutoka kwenye chupa yenyewe anayomimina, si kwenye karatasi, halafu uondoke. Nenda Kabwe, kunywa chai, rudi baada ya nusu saa. Dakika za mwanzo ni spiriti na ndimu. Jani linakuja baadaye, ngozi ikishapata joto. Anayenunua ndani ya dakika mbili ananunua kitu ambacho hajakinusa.

Kilichonifundisha haya kiliniuma. Miaka michache iliyopita nilinunua stendi chupa yenye jina kubwa la Ulaya kwa shilingi 25,000. Boksi lilikuwa zuri, herufi za dhahabu, plastiki juu. Nilijipulizia asubuhi nikapanda daladala, na kabla sijafika kazini ilikuwa imeisha yote, imebaki harufu ya plastiki iliyoungua na kichwa kinachogonga. Kopi ya jina kubwa ni mbaya kuliko bidhaa ya bei ndogo yenye jina lake yenyewe. Mtengenezaji wa Dubai anayeandika jina lake kwenye chupa ana cha kupoteza akiharibu. Aliyebandika jina la mwingine hana.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo washauri wengi wa mitandaoni hawaitaji kwa sababu hawaishi kwetu. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai asubuhi hewa ni baridi na harufu haipai haraka. Pafyumu nyepesi za ndimu zinakufa mapema. Tumbaku tamu ndiyo inafaa hapa, na Njombe, na Makete ndiyo usiseme. Paka mafuta ya mgando kidogo kifuani kabla ya kujipulizia, kisha vaa sweta juu. Ngozi iliyolainishwa inaishikilia muda mrefu. Jipulizie mara tatu, isizidi nne. Lakini ichukue pafyumu hiyo hiyo uteremke nayo Tukuyu hadi Kyela, uone. Nilifanya hivyo mwezi Oktoba. Mpaka tunafika Ipinda joto limeifungua yote, vanila imekuwa nzito kama sharubati iliyochemka, na abiria mwenzangu akafungua dirisha bila kusema neno. Anayeishi Kyela achukue ya upande wa Songea, kavu, na ajipulizie mara moja tu.

Wapo wanaoogopa kwamba watu watadhani wameanza kuvuta. Kiswahili kimeshatutenganishia haya: kuna kunuka sigara na kuna kunukia tumbaku. Mimi sijawahi kuvuta na sitavuta. Hata wanawake wasiachwe nje. Mwaka 1919 nyumba ya Caron ya Ufaransa ilitoa Tabac Blond ikiwalenga wanawake. Dada yangu anaivaa ya kwangu, na inamkaa vizuri kuliko mimi.

Kinachonisikitisha ni kwamba jani linatoka kwetu. Chunya, Songea, na Iringa ambako walowezi wa Kigiriki walililima enzi za mkoloni. Tunalikata, tunalikausha, tunalifunga mabelo, linaondoka. Halafu harufu yake inarudi kwenye chupa tukiiita ya kizungu, na kijana wa Lupa anaiogopa bei.

Mwaka huu Machi nilikwenda kwa mjomba na ile chupa ya kupima. Nikampulizia kwenye mkono, mkono ule ule uliojaa gundi nyeusi ya majani, baada ya kumwomba anawe kwanza. Akanyamaza muda mrefu. Akanusa tena.

"Mpwa," akasema, "hili jani wamelitoa mapema. Mshipa haujakauka."

Nimekuwa nikiivaa tangu siku hiyo na nadhani alisema kweli. Kuna unyevu fulani wa utamu ambao ungepungua kidogo. Kwa hiyo bado natafuta iliyo kavu zaidi, chini ya 80,000. Mwenye kuijua, hasa kama inapatikana Mwanjelwa, aniambie kabla baridi ya Julai haijaisha.