Kazi ya Kukusanya Mwaka 2050

“Shikamoo Daktari. Naomba niongezewe muda wa kazi ya kwanza hadi 2051, kwa sababu Oktoba 2050 natarajia kuwa na majukumu mengi ya kifamilia.”

Ujumbe huo ndio uliomleta mhadhiri wa takwimu ofisini kwangu, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mwenye homa, akitaka nimfungie mwanafunzi huyo akaunti kwa utovu wa adabu.

“Daktari,” nikamwambia, “huyu kijana hana kosa. Kasoma tarehe.”

Kozi nzima ilikuwa imehamia 2050. Jaribio la kwanza lilikuwa na tarehe ya kufunguka, kwa hiyo lilijifungia mpaka wakati huo. Kazi ya kwanza ilikuwa na tarehe ya mwisho tu, hivyo mlango ulikuwa wazi. Mwanafunzi mwingine alikuwa ameuliza, hadharani kabisa, kama mtoto wake ambaye hajazaliwa ataruhusiwa kumkusanyia.

Kwenye Moodle, mfumo wetu wa kozi za mtandaoni, ukishanakili kozi ya mwaka uliopita bila wanafunzi wake, tarehe zote husogezwa kwa mkupuo kupitia ukurasa wa kuweka kozi upya. Unaingiza tarehe mpya ya kuanza, mfumo unahesabu siku kati yake na ile ya zamani, halafu unasukuma kila kazi na kila jaribio kwa idadi hiyohiyo. Nakala ya Daktari ilianza Jumatatu 7 Oktoba 2024, naye alitaka Jumatatu 6 Oktoba 2025. Hizo ni siku 364, wiki 52 kamili, Ijumaa inabaki Ijumaa. Mpango safi.

Ila alipokwisha kuchagua mwaka hakubofya pembeni. Kisanduku cha mwaka kilikuwa bado kinasikiliza kibodi, naye alitaka kushuka hadi kwenye kitufe cha chini ya ukurasa, akaubana mshale wa chini. Ukurasa haukushuka hata kidogo. Uliokwenda ni mwaka: 2026, 2027, 2028, mpaka 2050, ambako orodha ya miaka ya Moodle inakomea. Ingekuwa ndefu zaidi, sasa hivi tungekuwa tunazungumza karne ijayo. Akabofya, akafunga kompyuta, akaenda zake.

Siku zilizozidi zilikuwa 9,131. Ukizigawanya kwa 7 zinabaki 3, kwa hiyo kazi za Ijumaa ziliangukia Jumatatu. Kama mtu wa takwimu, hili la Jumatatu lilimuuma kuliko ile miaka 25.

“Lakini mbona nimeshasahihisha?” akalalamika. “Angalia, kozi inaanza 2025!”

Ni kweli ilikuwa inaanza 2025. Alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya kozi akarudisha mwaka. Mipangilio hubadilisha tarehe ya kuanza peke yake, kazi na majaribio hayatikisiki. Kisha akarudi kuweka kozi upya kwa 6 Oktoba 2025. Mfumo ukapiga hesabu kati ya 2025 na 2025, ukapata sifuri, ukasogeza kila kitu kwa siku sifuri, bila kulalamika. Akarudia, safari hii akibofya kwa nguvu zaidi.

Dawa yake ni kurudia uharibifu kwa makusudi. Unazima tarehe ya mwisho ya kozi, maana fomu haikubali kozi iishe kabla haijaanza. Unarudi kwenye mipangilio na kuandika tena 6 Oktoba 2050, unahifadhi. Ndipo unakwenda kuweka kozi upya kwa 6 Oktoba 2025, na mfumo unavuta kila kitu nyuma kwa siku zilezile 9,131. Nilipofika kwenye 2050, Daktari alishika kichwa. “Ndugu yangu, nawe pia umepotea?”

Kisha mkono wake ukanipita kuelekea kitufe kinachoweka tiki za kawaida kwenye ukurasa ule. Nikaudaka hewani. Tiki hizo huondoa wanafunzi wote kwenye kozi na kufuta kazi walizokusanya pamoja na majaribio waliyofanya. Pipa la taka la kozi halikusaidii hapo. Hilo hutunza kazi au jaribio ulilolifuta, halina habari na majibu ya wanafunzi yaliyofagiliwa kwa njia hii. Pona yako ni chelezo, yaani nakala ya akiba ya kozi, iliyohifadhiwa pamoja na data za watumiaji, tena iwe ilichukuliwa kabla. Tuliacha visanduku vyote vitupu, tarehe tu.

Mambo yakarudi 2025. Maelekezo ya kazi hayakuhitaji kuguswa: tarehe zilizoandikwa kwa mkono ndani ya maandishi hazisogei, kwa hiyo muda wote yalikuwa yanasema “mwisho 17 Oktoba 2025, saa 5:59 usiku”.

Sasa kuna kijana aliyekusanya Jumamosi 18 Oktoba, saa 9:59 alfajiri. Mfumo, ambao kwake kila mwaka ni siku 365, ulimwandikia kwa kijani kwamba amewahi kwa miaka 25 na siku 5. Alipiga picha ya skrini, akaisambaza kwa darasa zima. Baada ya marekebisho akafungua tena akakuta wekundu: amechelewa kwa saa 4. Akaja na ile picha mkononi.

“Daktari, hizo saa 4 sizikatai,” akasema. “Ila naomba uzitoe kwenye ile miaka 25.”