Nenosiri la Thunderbird linalinda nini hasa?

Ofisi nyingi ndogo zina kompyuta moja ya mezani na watumiaji watatu au wanne: mhasibu asubuhi, karani mchana, na kijana wa mafunzo kwa vitendo kiti kikiwa wazi. Barua pepe za ofisi zimo humo humo, ndani ya programu za barua pepe kama Thunderbird au Outlook, na hufunguka kwa kubofya mara mbili tu. Je, programu yenyewe iwekewe nenosiri? Wapo wanaosema ni lazima. Wengine, hasa mafundi wa mitandao, wanasema ni kujidanganya.

Wanaounga mkono wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Thunderbird ikishakumbuka nenosiri la akaunti yako, na hujaiwekea nenosiri kuu, yaani nenosiri moja linalofungua manenosiri yote iliyoyahifadhi, yeyote aliyekaa kwenye kiti hicho mara nyingi anaweza kuingia kwenye mipangilio ya faragha, akafungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa, akabofya kitufe cha kuyaonyesha na kuyasoma herufi kwa herufi. Utaalamu hauhitajiki. Akishalinakili, anaweza kuingia kwenye sanduku lako usiku akiwa kwake. Na kwa kuwa huduma nyingi hutuma kiungo cha kubadili nenosiri kwa njia ya barua pepe, mwenye sanduku lako ana njia ya kufikia akaunti zako nyingine pia. Nenosiri kuu linaziba tundu hili kwelikweli, kwa sababu manenosiri yaliyohifadhiwa yanasimbwa na hayasomeki bila hilo.

Lakini barua zenyewe hazisimbwi. Thunderbird ikikuuliza nenosiri kuu ukabofya kitufe cha kughairi, barua zilizokwisha kupakuliwa kwa kawaida bado zinasomeka. Kuna mpangilio uliofichika unaoweza kuzuia hilo, ila hata ukiuwasha, faili za barua zinabaki wazi kwenye diski, ndani ya folda ya wasifu wako, ambamo Thunderbird huweka barua na mipangilio yako. Mtu akiinakili folda hiyo kwenye flashi anaweza kuzisoma barua hizo kwenye kompyuta nyingine bila kuulizwa chochote. Outlook nayo inaruhusu kuwekea nenosiri faili ya PST, ambamo huhifadhi barua, nenosiri lisilozidi herufi 15, lakini halitumiki kusimba yaliyomo. Kinachohifadhiwa ni namba fupi tu ya uhakiki (biti 32) inayokokotolewa kutoka kwenye nenosiri, na programu za kuliondoa zinapatikana bure.

Kwa hiyo mafundi wanashauri kila mtumiaji awe na akaunti yake ya Windows, na diski nzima isimbwe kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski. Kitaalamu wako sahihi. Bila usimbaji, mwizi wa kompyuta anaweza kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine kama Linux na kusoma kila kitu, akaunti ya Windows iwe na nenosiri au isiwe nalo. Ila ushauri huu una gharama ambazo hawazitaji. BitLocker kamili haimo katika toleo la Windows la Home. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na ofisi ikiupoteza siku kompyuta inapoudai, data yote imekwenda. Tena diski iliyosimbwa haisaidii lolote wakati kompyuta imewashwa na wewe umekwenda kunywa chai. Hapo kinga yako ni kufunga skrini kwa kitufe cha Windows pamoja na L.

Ipo njia ya kati: kwenye akaunti ya IMAP, ambayo barua zake hukaa kwenye seva ya mtoa huduma, izuie Thunderbird isihifadhi nakala za barua kwenye kompyuta, kisha weka nenosiri kuu. Barua zitabaki kwenye seva, na asiye na nenosiri hataweza kuzivuta. Vichwa vya barua, kama jina la mtumaji na mada, bado vitaonekana, faili ya utafutaji inaweza kubaki na maandishi ya zamani, na bando litaliwa kila unapofungua kiambatisho upya.

Nikipima yote, kwa ofisi yenye barua za wateja, nakala za pasipoti au majibu ya hospitali, mimi ningeanza na akaunti tofauti za watumiaji na usimbaji wa diski, kisha ningeongeza nenosiri kuu juu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kwa barua zenyewe nenosiri kuu peke yake halitoshi. Anayetumia kompyuta yake peke yake, asiyetoka nayo nyumbani, anaweza kuanza na nenosiri kuu kwa sababu ni kazi ya dakika chache na haimgharimu senti.

Kuna hali moja inayozishinda nyingi kati ya kinga hizi: siku unapopeleka kompyuta kwa fundi naye akakuomba nenosiri la Windows ili aijaribu. Ukimpa, usimbaji wa diski haumzuii tena. Kama akaunti yako ni ya IMAP, na umehakikisha barua zote ziko kwenye seva, hamishia folda ya wasifu kwenye diski ya nje kabla ya kuipeleka, ifute kwenye kompyuta, na uirudishe kazi ikiisha. Kama ni ya POP, ambayo hupakua barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, uwe na nakala mbili kabla ya kufuta chochote, kwani huenda barua zilizo kwenye kompyuta hiyo hazipo tena kwenye seva.